Kuirudisha Kazini na Kuitunza Stereo ya Zamani Katika Nyumba ya Unguja au Pemba: Mwongozo Kamili

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba bado imo amplifaya nzito yenye ubavu wa mbao, mashine ya santuri na jozi ya spika kubwa, vitu vilivyoletwa na baba au mjomba zaidi ya miaka 40 iliyopita, ama kwa meli kutoka Uingereza, ama kwa safari za Dubai na Maskati. Siku hizi vimefunikwa kitambaa cha kudarizi na juu yake pamewekwa maua ya plastiki. Vijana wa nyumba hudhani vimekufa, lakini kwa uzoefu wangu vingi kati yake vinaweza kuimba tena kwa miaka mingi, ilimradi visiuliwe siku ya kuamshwa.

Nasema hivyo kwa sababu niliua kimoja. Amplifaya ya marehemu mjomba wangu ilikaa kabatini miaka 11, nami siku ileile niliyoishusha niliichomeka ukutani nikaunga spika, nikiwa na hamu ya kusikia santuri zake. Iliunguruma kwa nusu dakika, ukatoka moshi, na kabla sijaufikia ukuta transista za kutolea sauti zilikuwa zimeungua na spika ya kulia imekwenda nazo. Hatua zote zifuatazo zimepangwa ili jambo hilo lisimpate mwingine: umeme wa ukutani unakuja baadaye, na spika zinaungwa mwisho kabisa.

Kwanza: soma mgongo wa mashine kabla ya kuichomeka

Geuza amplifaya na usome kibandiko cha nyuma. Unatafuta namba mbili, yaani volti na hezi. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Mashine iliyotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani ni ya volti 100, na ukiichomeka moja kwa moja itaungua papo hapo. Hiyo inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye mashine. Zile zilizotengenezwa kwa soko la nje, kama nyingi za Sansui, Pioneer na Akai zilizopita Ghuba, mara nyingi zina kiteuzi cha volti: kigurudumu kidogo au plagi ya pini kadhaa yenye maandishi 110, 120, 220 na 240. Usiamini kwamba kipo mahali pake kwa sababu tu mashine iliwahi kufanya kazi nyumbani, watoto huvizungusha. Penye chaguo la 220 na 240, mimi huweka 240, kwa kuwa umeme unapopanda usiku mashine itabaki baridi zaidi, na hasara ya nguvu ya sauti haisikiki.

Kisha tazama waya wa umeme. Waya wa kizamani wa Uingereza una rangi nyekundu kwa umeme, nyeusi kwa njia ya kurudi na kijani kwa ardhi, ilhali waya wa leo una kahawia, buluu na kijani chenye mstari wa manjano. Mpira ukiwa umepasuka au unamomonyoka mkononi, badilisha waya wote bila kujadiliana na nafsi. Fungua pia plagi ya pini tatu: ndani utakuta fyuzi ya ampea 13, ambayo ni ya pasi na birika. Kwa amplifaya ya kawaida ya nyumbani weka ya ampea 3.

Pili: fungua, toa chaji, safisha

Chomoa kila kitu, kisha fungua kifuniko. Katikati utaona transfoma, na kando yake kapasita mbili kubwa zenye umbo la kopo. Mashine ikiwa imewashwa hivi karibuni, makopo hayo hubaki na chaji hata baada ya plagi kutolewa, na chaji hiyo inaweza kukuumiza. Chukua rezista ya omu 1,000 yenye uwezo wa wati 5, ishike kwa koleo lenye mpira, iguse miguu miwili ya kila kapasita kwa muda wa dakika moja, halafu upime kwa mita ya umeme (multimita). Isizidi volti 1. Usiifunge miguu hiyo kwa bisibisi kama wafanyavyo baadhi ya mafundi. Cheche ile huila kapasita yenyewe. Amplifaya ya valvu, ile yenye chupa za kioo badala ya transista, ina volti mia kadhaa ndani yake, na ningemsihi asiyezoea aifikishe kwa fundi ikiwa bado imefungwa.

Sasa angalia. Utakuta vumbi, mayai ya mende na, mara nyingi kuliko unavyodhani, mjusi kafiri aliyekauka. Mijusi hupenda joto la transfoma na huingia kwa matundu ya hewa, na mmoja akilala juu ya miguu ya transista huunganisha visivyotakiwa kuunganishwa. Mtoe kwa kibanio, kisha safisha alama yake, kwa sababu majimaji yake yaliyokauka hupitisha umeme na hula shaba. Vumbi litoe kwa brashi laini ya rangi na mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi uliowekwa mbali kidogo. Palipo na kutu ya kijani kwenye shaba, na katika nyumba za karibu na bahari lazima utaikuta, sugua kwa brashi ya meno iliyochovywa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya dukani iliyochanganywa maji haifai hapa, maana huacha unyevu ule ule unaoukimbia. Acha mashine ikae wazi siku nzima mahali pakavu penye upepo, lakini si juani.

Kabla ya kufunga, kagua makopo yale makubwa na kapasita ndogo. Iliyovimba kichwani, iliyovuja ute wa kahawia miguuni au iliyopasuka ni ya kubadilishwa kabla ya umeme kupita. Usichanganye gundi ya kiwandani iliyopakwa kushikilia kopo na uvujaji: gundi ya kiwanda imeenea ubavuni, uvujaji hutoka chini.

Tatu: globu ya mfululizo

Hiki ndicho kifaa ambacho kingeiokoa amplifaya ya mjomba wangu, na kinatengenezwa kwa mchana mmoja. Chukua soketi ya globu, soketi ya ukutani ndani ya boksi lake, na waya wenye plagi. Waya wa ardhi na waya wa kurudi vinakwenda moja kwa moja kwenye soketi. Waya wa umeme unakwenda kwanza kwenye globu, kisha ndipo uingie kwenye soketi. Kwa namna hiyo umeme wote unaokwenda kwenye amplifaya lazima upite kwenye globu. Globu iwe ya uzi, ile inayotoa joto, ya wati 60 kwa amplifaya ya kawaida au wati 100 kwa kubwa zaidi. Taa za LED hazifanyi kazi hii hata kidogo. Globu za uzi zimekuwa adimu. Ukiziona katika duka la vifaa, nunua tatu uweke.

Chomeka amplifaya kwenye soketi hiyo, volyumu ikiwa chini kabisa na bila spika yoyote, kisha washa na utazame globu tu. Ikiwaka kwa nguvu mara moja halafu ikafifia mpaka ikabaki nyekundu hafifu, makopo yamejaa chaji na mashine ina uhai. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna njia fupi (shoti) ndani. Zima, na bado hujapoteza kitu, kwa kuwa globu ndiyo iliyobeba mzigo. Ikiwa hali ni njema, iache hivyo kwa nusu saa hadi saa nzima ukiwa umekaa chumbani humo humo. Kapasita iliyolala miaka mingi hupoteza utando mwembamba unaozuia umeme ndani yake, na umeme mdogo wa taratibu huujenga upya; umeme kamili wa ghafla hutoboa mahali palipodhoofika. Baadhi ya amplifaya zina relei, yaani swichi inayojifunga yenyewe kwa umeme, ya kulinda spika ambayo haitalia “ta” wakati umeme uko chini, basi usiogope kwa hilo.

Nne: pima kabla ya kuunga spika

Baada ya globu kukupa amani, chomeka ukutani. Weka mita kwenye milivolti za umeme wa moja kwa moja (DC), na nyuma ya amplifaya gusa nguzo mbili za spika ya kushoto, halafu za kulia. Chini ya milivolti 50, unga spika zako. Ikipita 100, mpelekee fundi. Ukisoma volti nzima, transista imekufa na umeme wa moja kwa moja utaikaanga koili ya spika kwa sekunde chache. Kipimo hiki huchukua dakika mbili, na hakuna kipimo kingine chenye thamani kubwa zaidi katika kazi hii yote.

Volyumu ikikwaruza na sauti ikipotea upande mmoja, tatizo karibu daima ni kutu nyembamba kwenye swichi na vizungusho. Zima, puliza dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme ndani ya tundu la kizungusho, kisha kizungushe kutoka mwanzo hadi mwisho mara 30, na swichi zote uzibonyeze mara nyingi vivyo hivyo. Mafuta ya kulainisha bawaba hayafai. Yatanyamazisha mkwaruzo kwa wiki mbili kisha yatakusanya vumbi.

Kuhusu kapasita, sikubaliani na wanaosema zote zibadilishwe kwa sababu ya umri. Kila kulehemu huchosha bodi ya saketi ya kizamani, na mkono usiozoea hung'oa njia za shaba. Badilisha zilizoharibika na zile zilizo karibu na joto. Mpya iwe na maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na iandikwe nyuzi 105. Mstari ubavuni huonyesha mguu wa hasi.

Tano: spika

Hapa hali yetu ya hewa haina huruma. Ukingo unaoshika koni ya spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 umetengenezwa kwa povu la poliyurethane, na povu hilo huvunjwa na unyevunyevu wenyewe, hata kama spika haijapigwa. Liguse kwa kidole: likibaki na alama au likageuka unga mweusi, limekwisha. Ukingo wa mpira au wa kitambaa hudumu zaidi, na spika za namna hiyo ndizo ningemshauri mtu anunue leo. Lakini povu likifa, spika haijafa. Povu jipya huuzwa likiwa tayari limekatwa. Pima kipenyo cha koni na cha fremu kwa uangalifu na uagize kwa vipimo hivyo, wala si kwa jina la spika pekee.

Toa spika kwenye boksi, uweke alama ya waya upi ulikuwa upande mwekundu. Kwangua povu la zamani kwa ukucha na pamba yenye spiriti kidogo mpaka ukingo wa karatasi uwe safi, bila kuulowesha. Paka gundi nyeupe ya maji kwenye ukingo wa koni, bandika povu, ukandamize kwa vidole ukizunguka, kisha uache mpaka siku ya pili. Wakati wa masika uache siku mbili. Ndipo ubandike upande wa fremu, na hapa pana subira. Gundi ikiwa bado mbichi, sukuma koni taratibu kwa vidole vinne vilivyotandazwa sawa. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku. Sogeza povu kidogo kidogo mpaka koni iende kimya ndani na nje, halafu banza kwa vibanio vya nguo. Ukimaliza, gusisha betri ya volti 1.5: chanya kwenye nguzo nyekundu, kwa kawaida koni husogea mbele. Spika mbili zikisogea pande tofauti, besi itapotea chumbani.

Pima pia omu. Spika iliyoandikwa omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7 kwa mita ya kawaida. Isiposoma kitu, koili imekatika.

Sita: mashine ya santuri

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina sakafu iliyolazwa juu ya boriti za mikoko, nayo hutikisika mtu akipita. Sindano huruka, na mwenye nyumba huilaumu mashine bure. Iweke kwenye rafu iliyopigiliwa ukutani, au pembeni pale boriti zinapoingia ukutani, usiiweke katikati ya chumba. Isawazishe kwa pimamaji pande zote mbili.

Mkanda wa mpira uliolegea hubadilishwa: zungusha uzi kwenye njia ya mkanda, pima urefu, na mkanda mpya uwe pungufu kwa asilimia 5 hadi 10. Mashine nyingi za Garrard hutumia gurudumu la mpira badala ya mkanda; hilo lisafishe kwa alkoholi na usiache kamwe limekandamizwa wakati mashine haitumiki, maana hupata kibonyeo na sauti hudundadunda. Kisha pima mwendo. Weka kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani na uhesabu: kwa mwendo wa 33⅓ lazima izunguke mara 100 kwa dakika tatu kamili. Ukihesabu karibu 83, mashine yako ilitengenezwa kwa hezi 60 na inahitaji puli ya hezi 50. Mota za namna hiyo hufuata hezi za umeme, na ndiyo sababu katika miezi ile ya Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme wa kebo ya baharini na watu wakawasha jenereta, sauti za waimbaji zilipanda na kushuka kila jenereta ilipochoka.

Sindano ya sumaku ya kawaida hutaka uzito wa gramu 1.5 hadi 2. Zile za seramiki za zamani gramu 4 hadi 6. Weka kizuia mteremko (kile kinachozuia mkono kuvutwa katikati ya santuri) kwenye sifuri, rekebisha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee hewani sawasawa, rudisha duara la namba la uzito huo kwenye sifuri, kisha ongeza gramu zinazotakiwa. Mizani ndogo ya sonara itathibitisha. Uzito mdogo mno huharibu santuri kuliko unaozidi kidogo, kwa sababu sindano hugongagonga kuta za mfereji.

Santuri za mwendo wa 78 zina kanuni zake. Ni za namna ileile waliyorekodi Siti binti Saad na wenzake huko Bombay mwaka 1928, na mifereji yake ni mipana: hutaka sindano yenye ncha ya karibu maikromita 75, wakati santuri ndefu (LP) hutaka takriban 18. Zimetengenezwa kwa sheleki, ambayo huyeyuka kwa alkoholi. Tone moja la spiriti litaufuta wimbo ambao huenda hakuna nakala yake nyingine mtaani. Zioshe kwa maji na tone la sabuni laini tu, bila kulowesha kibandiko, na uzikaushe mara moja. Kwa santuri zote tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kuongezea betri za magari, wala si tindikali ya betri. Maji ya visiwa vyetu yana chokaa ambayo hubaki mferejini.

Saba: kaseti

Mkanda wa ndani ya deki uliogeuka lami utoe kwa pamba na alkoholi mpaka puli ziwe safi, kisha weka mpya. Safisha kichwa na kigurudumu cha mpira kila baada ya saa 10 za kusikiliza. Kaseti yenye ukungu mweupe usiiingize katika deki nzuri, kwa kuwa mbegu za ukungu zitahamia kaseti ya pili. Vunja vijipande viwili vya plastiki mgongoni ili isifutwe kwa bahati mbaya, na kama ni taarabu iliyorekodiwa harusini, ihamishie kwenye kompyuta wiki hii hii kupitia tundu la kurekodia la amplifaya, kabla hujaisikiliza kwa starehe.

Mahali, umeme na misimu

Kuta za mawe na chokaa hunyonya maji na kutoa chumvi, basi acha angalau sentimita 10 kati ya mashine na ukuta. Ondoa kitambaa cha kudarizi kila unapowasha. Matundu yale ndiyo pua ya amplifaya, na mama akikitaka kirudi, kirudi baada ya mashine kupoa. Chetezo cha udi kikae chumba kingine, kwa sababu moshi wake huacha utando wa mafuta juu ya sindano na santuri. Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani na usubiri dakika 10 baada ya kurudi, kwani mpigo wa kwanza ndio mkali.

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, washa mashine kila siku kwa saa moja hata kama hakuna anayesikiliza. Joto lake lenyewe hufukuza unyevu, na swichi zinazozungushwa hazipati kutu. Kwa miezi mingine mara mbili kwa wiki inatosha. Kila mwaka kabla ya masika fungua kifuniko, toa vumbi, rudia kipimo cha milivolti, na uandike tarehe, namba ulizosoma, ukubwa wa fyuzi na nafasi ya kiteuzi cha volti kwenye karatasi utakayoibandika ndani ya kifuniko, kwa kalamu ya risasi, ambayo haichujuki kwa unyevu.